Mtoto Awahiye Kusema

Somo kwa wazazi, wazazi wa ubatizo na walimu wa Shule ya Jumapili



Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja kijana alinifuata nje ya kanisa, amemshika mkono binti yake wa miaka miwili na nusu. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Huyu mtoto ananitia wasiwasi. Anasema kama bibi kizee. Jana ameniambia, 'Mama, uji huu bado wa moto, tuungojee upoe.' Wengine wananiambia mtoto huyu ana akili nyingi mno, na wengine wanasema mtoto akiwahi hivi si dalili njema. Nifanye nini?"

Kabla sijamjibu nilimwona mama mwingine amesimama kando, naye amembeba mgongoni mtoto wa kiume wa umri uo huo. Mtoto yule alikuwa hajui ila maneno matatu au manne. Mama yake aliyasikia yote, akainamisha kichwa, akaenda zake bila kuniamkia.

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya akina mama hao wawili. Neno ninalotaka kulisema ni hili: kuwahi kusema ni karama ambayo yatupasa kuitunza, lakini si kipimo cha thamani ya mtoto, wala si kipimo cha kutosha cha akili yake. Na chakula cha kuikuza lugha, kwa mtoto awahiye na kwa mtoto achelewaye, ni kile kile, yaani mazungumzo na watu wampendao.

1. Jinsi mtoto aanzavyo kusema

Hatuwezi kumtambua aliyewahi kama hatujui kawaida ni ipi. Masikio ya mtoto huanza kazi yake angali tumboni. Mwaka 1980 wataalamu wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, walieleza jinsi walivyowapima watoto wachanga ambao hawajatimiza siku tatu tangu kuzaliwa. Kila mtoto alipewa chuchu ya mpira iliyounganishwa na mtambo wa sauti. Akinyonya kwa namna moja alisikia sauti ya mama yake, na akinyonya kwa namna nyingine alisikia sauti ya mwanamke mwingine. Watoto wale walijifunza kunyonya kwa namna iliyowaletea sauti ya mama. Basi mama anayemsemesha mtoto wake wa siku tatu asichekwe kwamba anajisemea peke yake.

Baada ya hapo safari ya lugha huwa hivi kwa watoto walio wengi:

(a) Miezi miwili hadi mitatu: mtoto hutoa sauti laini za furaha, na hunyamaza kukusikiliza unapomjibu.

(b) Miezi sita hadi kumi: hurudia silabi, kama ba-ba-ba na ma-ma-ma. Hapo bado hajamwita baba wala mama, ila anazoeza midomo na ulimi. Hata watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama hufanya zoezi hili kwa vidole vyao. Jambo hili liliandikwa mwaka 1991 na Laura-Ann Petitto na Paula Marentette. Kwa hiyo lugha ni kazi ya akili, na ulimi ni mojawapo tu ya njia zake.

(c) Mwaka mmoja hivi: neno la kwanza. Wakati huo mtoto huelewa maneno mengi kuliko yale anayoweza kuyatamka.

(d) Mwaka mmoja na nusu hadi miwili: maneno huongezeka upesi, naye huanza kuunganisha mawili, kama "mama maji" au "baba enda." Afikapo miaka miwili watoto wengi huwa na maneno hamsini au zaidi.

(e) Miaka mitatu: husema sentensi, na hata mgeni huyaelewa maneno yake mengi.

(f) Miaka minne hadi mitano: huweza kusimulia jambo lililotukia, lenye mwanzo na mwisho.

Nafasi iliyopo kati ya mtoto na mtoto ni pana. Mmoja husema neno la kwanza akiwa na miezi tisa, mwingine akiwa na miezi kumi na mitano, na wote wawili ni wazima.

Watoto wetu wanaokua katika Kiswahili wana jambo lao la pekee. Kitenzi chetu kimejengwa kwa vipande: ni-na-taka, a-me-kwenda. Mtoto mdogo hushika kwanza lile shina lenye maana, na vile vipande vya mwanzo huviacha. Husema "taka maji" mahali pa "nataka maji." Mtaalamu Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wa Nairobi, akaonyesha jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 2005. Basi mtoto akisema "taka maji" usimcheke, wala usimlazimishe arudie kama askari katika gwaride. Mjibu tu, "Unataka maji? Haya, maji yako haya hapa." Atalisikia neno kamili mahali pake, na siku yake ikifika atalisema.

2. Dalili za kipaji cha lugha

Je, ni kweli kwamba watoto wenye vipaji vya akili huwahi kusema? Kwa sehemu ni kweli. Mwaka 1921 profesa mmoja wa California, Lewis Terman, alianza kuwafuatilia watoto waliopata alama za juu sana katika vipimo vya akili. Watoto hao walizidi 1,500. Wazazi wao walipoulizwa, ilionekana kwamba kwa wastani walianza kusema miezi mitatu na nusu hivi mapema kuliko watoto wengine. Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, huo ni wastani, na wastani huficha wale waliochelewa. Pili, habari hizo zilitegemea kumbukumbu za wazazi, nasi wazazi tunajijua. Mtoto akisha kushika namba ya kwanza darasani, tunakumbuka kwamba hata meno aliwahi kuota.

Tena vipimo vya Terman viliwakosa watu. Wavulana wawili wa California, William Shockley na Luis Alvarez, walipimwa wakaachwa nje kwa kuwa alama zao hazikutosha. Walipokuwa watu wazima kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, Shockley mwaka 1956 na Alvarez mwaka 1968. Ikiwa mabingwa wa kupima waliweza kukosa hivyo, sisi na tupime kwa upole.

Pamoja na hayo dalili zipo, na mzazi mwangalifu ataziona. Asitazame wingi wa maneno peke yake, bali atazame namna yanavyotumika. Mtoto mwenye kipaji cha lugha hutafuta neno lililo sawasawa. Haridhiki na "mdudu," anataka kujua kama ni siafu au mchwa. Huuliza "kwa nini," na ukimjibu ovyo hurudi kuuliza tena. Hukumbuka hadithi uliyomsimulia juzi, na ukiruka kipande hukurudisha. Huchezea maneno, hutunga majina yake mwenyewe, hucheka kitendawili kwa sababu amekielewa. Hulinganisha mambo, kama mtoto mmoja niliyemsikia akisema mwezi umekatwa kama chapati.

Lakini tusichanganye kipaji na kukariri. Mtoto wa miaka mitatu aweza kuhesabu moja hadi ishirini bila kosa, ila ukimwambia, "Niletee machungwa matatu," akakuletea kikapu kizima. Huyo anajua wimbo wa namba, hajajua hesabu. Si kosa lake, maana kukariri nako ni hatua. Ukitaka kujua kama ameelewa, badili swali, au mwombe akueleze kwa maneno yake.

Na jambo moja ambalo huwasumbua sana wazazi: kwa mtoto kama huyu akili hutangulia na mengine hubaki nyuma. Anasema kama mtoto wa miaka sita, lakini akinyang'anywa kikombe analia kama mtoto wa miaka mitatu, kwa kuwa ndivyo alivyo. Mama humwambia, "Wewe si una akili, mbona unalia?" Maneno hayo si ya haki. Leta Hollingworth, mwalimu wa chuo kikuu huko New York aliyefariki mwaka 1939, aliwatumikia watoto wa namna hii kwa miaka mingi, akafundisha kwamba taabu yao kubwa ni kuwa na akili ya mtu mkubwa ndani ya moyo na mwili wa mtoto. Mara nyingine hata ulimi hushindwa kuifuata akili, naye akapata kigugumizi. Karibu watoto watano katika kila mia hupata kigugumizi wakati fulani, na wengi wao hupona. Usimmalizie maneno yake, wala usimwambie, "Sema upesi." Wewe mwenyewe sema taratibu, mtazame usoni, umngoje. Kikiendelea kwa miezi mingi, au ukiona kinamtesa, mpeleke kwa mganga wa hospitali.

3. Watoto wawili wa Uingereza

Wengi wetu tunajua kwamba CMS, chama kilichomleta Krapf Mombasa mwaka 1844, kiliundwa mwaka 1799 na Wakristo Waanglikana wa Uingereza. Miongoni mwa Wakristo wa kundi hilo waliokaa Clapham, katika London, alikuwapo Zachary Macaulay, mpiganaji mkubwa wa vita dhidi ya biashara ya watumwa. Mwaka 1800 alizaliwa mwanawe, Thomas, ambaye aliwahi kusema kwa namna ya ajabu. Tangu miaka mitatu alikuwa akisoma vitabu amelala kifudifudi mbele ya moto, na kipande cha mkate mkononi, naye alisema kwa lugha ya vitabu.

Imeandikwa kwamba alikuwa na kijibustani chake nyuma ya nyumba, amekizungushia makombe ya chaza. Siku moja mtumishi wa nyumbani aliyazoa makombe yale akayatupa akidhani ni takataka. Mtoto akaenda moja kwa moja sebuleni ambako mama yake alikuwa na wageni, akasimama katikati yao, akamtangazia mtumishi yule laana ya Kumbukumbu la Torati 27:17, yaani laana ya mtu aondoaye mpaka wa jirani yake.

Mama yake alifanyaje? Hakuita watu kumshangaa mwanawe. Yeye na mumewe walijizuia kuonyesha mshangao wowote, na mambo aliyoandika kijana waliyachukua kama mchezo wa kawaida wa mtoto wa shule. Walimpeleka shule pamoja na watoto wa jirani. Akakua akidhani kwamba watoto wote wako kama yeye. Alikuwa mwenye furaha, na aliwapenda sana ndugu zake hadi mwisho wa maisha yake.

Wakati uo huo, katika mji ule ule wa London, alizaliwa John Stuart Mill mwaka 1806. Baba yake alimfundisha Kigiriki tangu miaka mitatu na Kilatini tangu miaka minane. Naye baba huyu alijihadhari asimsifu mtoto. Lakini alimtenga na wavulana wenzake, hakumpa likizo, na kila alichojifunza kilikuwa somo. Alipokuwa na miaka ishirini, mwaka 1826, Mill alianguka katika huzuni kubwa, hata hakuona faida ya kuishi. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1873 alieleza kwamba alikuwa amezoezwa kuchambua mambo bila moyo wake kulishwa, na kwamba baba yake alipungukiwa na upole kwa watoto wake. Aliinuka tena, akawa mwanafalsafa mashuhuri, na mwaka 1867 alisimama Bungeni kutetea haki ya wanawake kupiga kura. Lakini jeraha lile alilikumbuka mpaka uzeeni.

Tusidhani, hata hivyo, kwamba malezi ya Macaulay yalimaliza kila kitu. Mwaka 1835, akiwa mtu mkubwa katika serikali ya Waingereza huko India, aliandika kwa dharau kwamba vitabu vyote vya India na Uarabuni havikuwa na thamani ya safu moja ya kabati la vitabu vya Ulaya, na yeye mwenyewe hakujua lugha hizo. Mtu aliyepewa ulimi tangu utotoni alitumia ulimi huo kuzidharau lugha za watu wengine. Sisi tuliosoma shule ambamo mtoto aliadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake tunajua matunda ya mawazo ya namna hiyo. Mtume Paulo ametuonya katika 1 Wakorintho 13 juu ya ulimi usio na upendo, nasi tunaolea watoto wenye ndimi nyepesi tuisome sura hiyo mara kwa mara.

4. Mtoto achelewaye

Sasa narudi kwa yule mama wa pili. Mama, usiinamishe kichwa. Musa alimwambia Mungu kwamba yeye si msemaji na ulimi wake ni mzito (Kutoka 4:10). Mungu hakumkataa. Alimpa Haruni ndugu yake wa kumsaidia kusema, naye Musa akabaki kuwa kiongozi.

Kuna habari inayopendwa kusimuliwa juu ya Albert Einstein, kwamba alichelewa kusema. Yeye mwenyewe aliandika katika barua ya mwaka 1954 kwamba wazazi wake waliingiwa na wasiwasi wakamwendea daktari. Lakini dada yake alisimulia pia kwamba siku Albert, akiwa na miaka miwili na nusu, alipoonyeshwa dada yake huyo aliyezaliwa, aliuliza magurudumu yake yako wapi, akidhani ameletewa kitu cha kuchezea. Basi tusiyatumie maisha ya Einstein kumbembeleza kila mama kwamba mtoto wake asiyesema atakuwa bingwa. Wengine huchelewa kidogo, kisha huwafikia wenzao. Wengine huchelewa kwa sababu iko shida inayohitaji msaada, na msaada ukija mapema hufaa zaidi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni masikio. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa, kama vile maradhi ya masikio, surua na homa ya uti wa mgongo. Mtoto anayetoka usaha masikioni hasikii vizuri, na asiyesikia vizuri hawezi kujifunza kusema vizuri.

Mpeleke mtoto hospitali ukiona mojawapo ya haya: hashtuki kwa kishindo wala hageuki anapoitwa, ametimiza mwaka mmoja na harudii silabi wala haonyeshi kitu kwa kidole, ametimiza mwaka mmoja na nusu na hana hata neno moja, ametimiza miaka miwili na haunganishi maneno mawili, au alikuwa akisema na sasa maneno yake yanapotea. Na tafadhali sana, mtu asimkate mtoto kimeo wala chini ya ulimi kwa wembe nyumbani. Kimeo hakizuii usemi, na watoto wamekwisha kupoteza damu na hata maisha kwa ajili ya jambo hilo.

Mama yule nilimwendea jioni ile ile. Alinikaribisha kwa aibu. Tukazungumza, akanieleza kwamba mtoto alikuwa na usaha sikioni tangu masika. Tulikwenda naye hospitali, akatibiwa, na masikio yake yakapimwa. Leo ana maneno kadha wa kadha na kila wiki yanaongezeka. Sisemi kwamba atakuwa wa kwanza darasani. Nasema kwamba alikuwa hasikii, nasi tulikuwa tukimwita mzito.

5. Yatupasayo kufanya

Kwanza, tuzungumze naye kwa kupokezana. Mwaka 2018 Rachel Romeo na wenzake huko Marekani waliandika juu ya watoto wa miaka minne hadi sita. Waliona kwamba wingi wa maneno aliyoyasikia mtoto siku nzima haukuwa na nguvu kama idadi ya mara alizopokezana maneno na mtu mzima, huyu akasema na yule akajibu. Mtoto aliyepokezana zaidi ndiye ambaye sehemu ya ubongo ihusuyo lugha ilifanya kazi zaidi alipokuwa akisikiliza hadithi. Kazi hii haihitaji fedha. Unapochambua mchele, unapokwenda kisimani, unapomwogesha, msemeshe, kisha unyamaze umpe nafasi ya kujibu.

Pili, tusimwachie simu wala televisheni kazi ya kumfundisha kusema. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake waliwapeleka watoto wa Marekani wa miezi tisa kwa watu waliosema Kichina wakicheza nao. Watoto hao walijifunza kuzitambua sauti za lugha ile. Wengine waliosikia watu wale wale katika picha za video hawakujifunza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo cha namna hiyo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Tatu, tumsemeshe kwa lugha tunayoijua barabara. Wazazi wengine siku hizi humsemesha mtoto Kiingereza cha kuokoteza, wakidhani wanamwandaa kwa shule. Mtoto hupata lugha yenye maneno machache kutoka kwa mtu mwenye hazina kubwa ya lugha nyingine. Mpe Kiswahili chako kizima au Kibondei chako kizima, na Kiingereza atakipata kwa wanaokijua. Mtoto hachanganyikiwi kwa kulelewa katika lugha mbili. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote mbili.

Nne, tumsomee na kumsimulia. Mwaka 1992 Catherine Crain-Thoreson na Philip Dale walieleza habari za watoto waliowahi sana kusema walipokuwa na miezi ishirini. Wengi wao hawakuwa wasomaji wa mapema kwa sababu hiyo tu. Kilichosaidia usomaji ni kufundishwa herufi na sauti zake, pamoja na kusomewa hadithi. Basi kipaji pekee hakitoshi. Hadithi za bibi na vitendawili vya jioni ni shule, tusiviache vife.

Tano, tusimfanye tamasha. Nimeona mtoto wa miaka mitatu akisimamishwa mbele ya wageni atamke sala aliyoikariri, nao wakamtunza fedha, huku nduguye asiyesema vizuri akichekwa. Wote wawili wamefundishwa vibaya. Mmoja amejifunza kwamba sala ni ya kusifiwa na watu, na mwingine amejifunza kunyamaza.

Sita, tumjibu. Hapa ni lazima nikiri kosa langu. Nilipokuwa mwalimu kijana wa darasa la kwanza nilikuwa na mwanafunzi wa kike mwenye maswali mengi. Siku moja nilifundisha kwamba jua huchomoza mashariki na kuchwa magharibi. Akauliza, "Mwalimu, sasa linarudije mashariki na sisi hatulioni?" Sikuwa na jibu tayari, nikaona ananijaribu mbele ya wenzake. Nikamwambia, "Kaa chini, mjuaji wewe." Darasa likacheka, na tangu siku ile wakamwita Mjuaji. Hakushindwa mitihani, lakini mpaka mwisho wa mwaka sikusikia swali jingine kutoka kwake. Wakati ule nilifurahi kwamba darasa limetulia. Ilipita miaka mingi ndipo nilipofahamu nilichokifanya, na kwa wakati huo alikuwa amekwisha kuhama na wazazi wake, nami sikupata kumwomba radhi.

Adabu na ifundishwe. Mtoto ajue kungoja zamu yake, ajue kuamkia, ajue kwamba wakubwa wakiwa katika jambo zito haingilii kati. Lakini mwambie, "Ngoja, nitakujibu baadaye," kisha baadaye umjibu kweli. Na kama hujui, sema, "Sijui, tutafute pamoja." Mtoto hatakudharau.

6. Mfano wa Bwana wetu

Tunasoma katika Luka 2:41-52 kwamba Yesu, akiwa na miaka kumi na miwili, alionekana hekaluni katikati ya walimu. Angalieni alikuwa akifanya nini. Alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza maswali, na waliomsikia walistaajabia majibu yake. Walimu wale hawakumfukuza. Mama yake alipomwuliza kwa uchungu, alijibu, nao hawakulielewa jibu lake, lakini Mariamu aliyaweka mambo hayo yote moyoni. Kisha mtoto akashuka nao Nazareti, akawatii. Hapo pana mafundisho kwa pande zote: kwa walimu, kumpokea mtoto aulizaye, kwa wazazi, kuyaweka moyoni hata wasiyoyaelewa, na kwa mtoto mwenye karama, kurudi nyumbani na kutii.

Kanisa letu nalo liliagiza tangu zamani, katika ibada ya Ubatizo ya Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, kwamba wazazi wa ubatizo wahakikishe mtoto anafundishwa Imani, Sala ya Bwana na Amri Kumi katika lugha ya watu wake. Halikusema mtoto mwepesi peke yake. Kila mtoto tuliyemshika penye kisima cha ubatizo ana haki ya kusemeshwa, kusikilizwa na kujibiwa.

Maswali ya kujadiliana katika Umoja wa Akina Mama na katika jumuiya

1. Jana, katika nyumba yako, ni mara ngapi mtoto alisema nawe ukamjibu? Ni mara ngapi ulimwambia anyamaze?
2. Tunamwitaje mtoto asemaye sana? Tunamwitaje achelewaye kusema? Majina hayo yanamjenga au yanambomoa?
3. Katika mtaa wetu yuko mtoto ambaye masikio yake hayajapimwa? Nani atakwenda na mama yake hospitali?
4. Walimu wa Shule ya Jumapili: je, watoto wetu huruhusiwa kuuliza?

Sala

Ee Mungu uliyemwumba mwanadamu na kumpa kinywa na sikio, wabariki watoto wa parokia yetu. Wenye ndimi nyepesi uwape unyenyekevu na upendo. Wenye ndimi nzito uwape msaada na subira. Nasi utupe masikio ya kuwasikiliza wote, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.